Panga la Mtani

Kuna watu wana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mtani wetu alikuwa nayo hayo, ila yeye akishamtoa nyoka alimkanyaga kichwa palepale, mbele za watu, huku anacheka. Nilimfahamu miaka mingi pale Yombo na mpaka leo sijajua kama nilimpenda. Ninachojua ni kwamba baba yangu aliponunua panga la kumkatia mtu, kilichosimama kati ya lile panga na shingo ya yule mtu kilikuwa ni mdomo wa mwanamke huyu, basi.

Tulimwita Mtani kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwetu. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, sisi Wazaramo, na utani wa makabila haya ni wa tangu babu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukatakiwa kucheka. Anaweza kukunyang'anya sahani ya pilau. Msibani ndiko hasa kwenye ufalme wake: atavaa nguo za marehemu, atatembea na kusema kama marehemu, atazuia maiti isitoke mpaka apewe anachotaka, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Watani wengi huomba kuku au kitenge, watu wakacheka kidogo, uchungu ukapungua, maiti ikaenda. Yeye hakuomba kuku. Kuku alikuwa nao.

Alikaanga vichwa, miguu na utumbo wa kuku kando ya barabara, mkabala na karakana ya fundi seremala. Asubuhi alikuwa akikaa na ndoo ya miguu ya kuku mbele yake, anakata kucha moja moja, anaongea, na kwa miaka mingi sikuwahi kumuona akisimamisha kisu kwa ajili ya neno wala neno kwa ajili ya kisu. Ukinunua kwake ulikuwa unaondoka na vitu viwili, kifurushi cha gazeti chenye mafuta na jambo la kukukosesha usingizi.

Tulikuwa na jirani, dereva wa bajaji, aliyekuwa akimpiga mkewe mpaka ukuta wetu unatikisika. Wazee walishamwita. Mwenyekiti wa mtaa alishamwita. Wakamwambia waziwazi aache, naye akaitikia vizuri, akarudi nyumbani akampiga mkewe kwa kosa la kumchongea. Jioni moja akaja kununua miguu. Mtani akamfungia taratibu kuliko kawaida, akaanza habari za jogoo mmoja wa kwao Tabora. Jogoo huyo alikuwa akimuogopa kipanga. Kila kipanga alipopita juu, jogoo alijificha chini ya ghala, na kipanga akishapita anatoka kifua mbele na kumdonoa tetea kichwani, ili ajulikane nani mwenye boma. Alimdonoa hivyo mpaka tetea akapofuka macho yote. Sasa siku kipanga aliporudi, jogoo alikuwa amelala, na tetea, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akiona na kupiga kelele, hakuona kitu.

Yule dereva alicheka mpaka akashika mbavu. "Ikawaje sasa?" akauliza.

"Ikawa supu," Mtani akamjibu, akampa kifurushi chake.

Sote tuliokuwa kwenye foleni tulijua kwamba mwenye bajaji alikuwa akimtukana dereva yule kila jioni kama mtoto, wala hajibu, anasubiri kufika nyumbani. Alicheka mpaka kwenye kona. Kisha akasimama. Akarudi mbio, akapiga teke meza, vichwa vya kuku vikatapakaa barabarani, akamkaba Mtani koo. Mtani alikuwa ameshika upawa. Akachota mafuta ya moto karaini akammwagia mguuni, na ule ukelele niliusikia masikioni wiki nzima.

Kipigo kwa jirani kilikoma. Mpaka leo mtaani wanabishana kama kilichomponya ni hadithi au ni mafuta. Mimi nasema mafuta. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hadithi, kwa sababu mafuta yalimchoma mguu, lakini baada ya siku ile yule bwana alikuwa akipita mtaani ameinamisha kichwa.

Nilimuuliza Mtani kwa nini hakumwambia tu wazi. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini kuku ana manyoya.

"Mtu ukimwambia we mbaya, anakuonyesha huo ubaya. Mpe jogoo. Mwache amcheke jogoo kwanza. Mdomo ukishafunguka kwa kicheko, ndo unatia dawa."

Hakupenda kabisa kuulizwa maana ya hadithi. Alisema ukiieleza umechinja kuku aliyekwisha kufa. Na methali, ambazo wazee wetu wanazo mfukoni kwa kila jambo, alizidharau, mzee akimtolea methali humjibu, "Hiyo imekaushwa, mie nauza mbichi." Kanisani alikuwa akilala mahubiri yote. Alikuwa muongo pia, tena muongo wa kuapa. Mkononi alikuwa na kovu refu, na mimi mwenyewe nimesikia kwamba lilitoka kwa fisi, kwamba lilitoka kwa mume wake wa kwanza, na kwamba ni bati la nyumba yake ya Pugu, upepo ulipoling'oa. Hadithi zote tatu zilinitoa machozi.

Tena mtu huyu mwenye jogoo na fisi kwa kila mpita njia, kwa mwanawe hakuwa na hadithi hata moja. Binti yake aliolewa Boko, na akija kumtembelea wanagombana kabla hajavua viatu. Humo ndani mlikuwa na matusi ya wazi, yenye majina yote, na siku moja kigoda kilitoka kupitia dirishani. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu yule. Nimfumbie nini?"

Kuna mara moja tu mdomo wake ulimponza, na hiyo lazima niieleze kwa sababu fundi seremala yumo. Fundi alihamia kwetu akiwa mtu wa kanzu na kofia, anaswali na baba, anaongea Kiswahili cha pwani kizuri kabisa. Mtani akamhesabu Mzaramo. Siku ya Maulidi, mbele ya watu, akamvua kofia, akaivaa yeye, akaanza kumuigiza jinsi anavyotembea, akisema huyu anatembea kama mtu aliyemeza rula yake. Watu wakacheka. Fundi akaokota kipande cha mbao akampiga nacho mdomoni.

Kumbe hakuwa Mzaramo. Alikuwa mtu wa kusini, na kwao na Wanyamwezi hakuna utani. Mtani alitema meno mawili kwenye kiganja, akayatazama. Vijana wakataka kumvamia fundi, Mtani akawazuia kwa mkono, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Mwacheni," akasema. "Nimeingia nyumba ya watu bila hodi." Akavua kofia, akaifuta vumbi, akamrudishia mwenyewe. Kuanzia siku ile hakumsemesha tena zaidi ya salamu, na fundi naye hakuomba radhi. Wakaendelea kutazamana kuvuka barabara, huyu na karai lake, yule na randa yake.

Sasa niseme habari ya kaka yangu.

Alikuwa kinyozi. Alikuwa na tabia ya kugusa nywele za kila mtu na kusema "hapa nikupunguze kidogo", hata za sheikh. Kaka alimwita baba "mzazi", kama vijana wanavyowaita wakubwa, na baba alijifanya kuchukia. Wiki moja mtaani kulikuwa kumeibwa mitungi ya gesi, watu wana hasira. Mama akamtuma kaka akabadilishe wa kwetu. Alipokuwa anarudi mvua ikaanza, akaupandisha mtungi begani, akakimbia kupitia kichochoro kilicho nyuma ya nyumba iliyoibiwa. Mtungi umemziba uso. Fundi seremala akamuona anachomoza.

"Mwizi huyo!"

Haikuchukua muda. Mbao ya kwanza ilimpata kisogoni, kutoka karakana ileile. Alipoanguka walimzunguka, na waliokuwa mbali walirusha mawe juu ya vichwa vya waliokuwa karibu. Alijaribu kujieleza. Wakasema mwizi huyu ana maneno mengi, mmoja akamkanyaga mdomo. Akajaribu kutaja jina la baba, jina likatoka na damu, halikueleweka. Tofali lilikuja mwisho. Aliyelileta ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtambua, kwa sababu aliinama, na alikuwa amenyolewa na kaka Ijumaa iliyopita.

Nilipofika walikuwa wametawanyika. Mvua ilikuwa inasafisha. Mama akaenda mtaroni, akautoa mtungi, akaugeuza, akatuonyesha doa la rangi ya kucha nyekundu alilolitia mwenyewe baada ya kupokea habari za wizi, ili usibadilishwe na wa jirani. Muuza gesi alikuwa ameishiwa, kaka alikuwa anaurudisha uleule. Mama hakulia. Alilipangusa lile doa kwa kanga, akalipangusa tena.

Polisi walipokuja waliuliza nani ameona. Mtaa mzima ulitazama, na mtaa mzima haukuona, ingawa usiku walikuja kutunong'oneza kila kitu. Maiti ikachukuliwa kwenda kupimwa, ikakaa huko siku kadhaa, na katika siku hizo baba akanunua panga.

Baba alikuwa muuza nazi, mapanga anayo. Yale ya kazi hakuyagusa. Hili lilikuwa jipya, na alilinoa uani kila baada ya swala ya alfajiri, kwa utulivu uliotutisha kuliko kama angepiga kelele. Fundi alikuwa amejitolea mbao za kaburi, zile za kumfunika maiti ndani ya mwanandani. Alizileta mwenyewe akaziegemeza kwenye ukuta wetu. Baba akamshukuru. Ndani akamwambia mama, "Akiinama tu kuzipanga." Akarudi uani kunoa.

Mama alinishika mkono tukaenda kwa Mtani, mchana, watu wapo. Hakuweza kusema wazi pale, na nadhani hata kama tungekuwa peke yetu asingeweza. Alichagua miguu ya kuku ambayo hakukusudia kununua.

"Mtani, kuna nyoka chini ya godoro letu."

Kisu cha Mtani kikasimama. Ndiyo mara ya kwanza nilikiona kikisimama. "Mkubwa?"

"Mpya. Anang'aa."

"Anataka kutoka lini?"

"Kesho. Anakwenda na jeneza."

Mtani akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye karakana, akaendelea kukata kucha. "Hamna shida," akasema. "Kesho mie nina kazi kwenu."

Mimi, nikiwa nimesimama pale na mkono wa mama ndani ya wangu, sikutaka asaidie. Niseme nilivyohisi: nilitaka fundi akatwe. Nilitaka aone damu yake mwenyewe kwenye mbao zake. Baba alikuwa sahihi machoni pangu, na ambacho sikukifikiria ni kwamba angefungwa au angeuawa palepale kaburini, na mama angebaki na mtungi.

Siku ya mazishi fundi alikuja mapema. Akabeba mbao zake kifuani, akasimama na wanaume uani, tayari. Maiti ilikuwa imekwisha oshwa na kuswaliwa. Baba akaingia chumbani, akatoka. Kanzu yake upande mmoja ilikuwa inakunjika, upande wa pili ilikuwa imesimama wima kama imetiwa wanga. Sijui kama kuna mwingine aliyeona. Mimi niliona, mama aliona.

Hapo akaingia Mtani.

Alikuwa amevaa jezi ya kaka na kandambili zake, amechomeka kitana nyuma ya sikio. Alikuwa anatembea kama kaka hasa, bega moja chini. "Oyaa! Mbona mnanitoa haraka hivyo? Hata chai sijanywa!" Wanawake wakaangua kilio na kicheko kwa pamoja, na shangazi yangu akaanguka. Mtani akapita kwa wanaume, anashika vichwa. "Hapa nikupunguze kidogo. Na wewe hapa." Wanaume wazima walilia huku wanashikwa nywele, na miongoni mwao walikuwemo waliorusha mawe, walijijua. Alipomfikia fundi alipita bila kumgusa, kama vile pale hapakuwa na mtu.

Nilikuwa nimesubiri ampasue fundi kwa maneno. Wote tulisubiri. Lakini utani na fundi hakuwa nao, na meno alishayalipa. Utani alikuwa nao na sisi.

Jeneza likanyanyuliwa. Mtani akajilaza kwenye kizingiti, chali, mikono kifuani.

"Mama, maiti haicheleweshwi," sheikh akasema.

"Mwache, sheikh," akajibu baba mkubwa. "Huyo mtani."

"Mzazi," Mtani akasema, sauti ni ya kaka, ileile. "Nimesikia umeninunulia zawadi."

Baba akaliangalia jeneza.

"Siku zote mie natumia mashine na mkasi. Umeona nimekua, umeninunulia kifaa kipya. Nipe basi, nikanyolee huko niendako."

"Toka mlangoni, Mtani."

"Mtani yuko barabarani anakaanga kuku. Hapa nipo mie. Au zawadi umemnunulia mwingine? Aliyekufa mie, mzazi, halafu zawadi apewe mwingine? Basi sitoki. Jua linapanda. Nitaoza hapahapa kizingitini kwako, nzi waniingie puani, mama ananitazama."

Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega. Baba alikuwa amesimama, jasho linamtiririka, mkono juu ya kanzu, na kwa kitambo niliamini atamkata Mtani kwanza.

Mtani akaacha makelele ya kuigiza. Akasema polepole, "Mzazi, wamenipiga wakidhani nimebeba cha watu. Leo naomba changu."

Baba akatia mkono ndani ya kanzu akalitoa. Jua likapiga kwenye makali, uani kote watu wakarudi nyuma. Mbao zikamponyoka fundi, zikaanguka moja baada ya nyingine. Alikuwa ameelewa. Baba hakumtazama. Aliinama akaliweka panga kifuani kwa Mtani, kama unavyomlaza mtoto, kisha akakaa chini na kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua.

Mtani akainuka, akajipangusa. "Haya," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mpelekeni." Wanaume walipokwenda makaburini alikaa juu ya lile panga, kwenye mkeka pamoja na sisi wanawake, mpaka waliporudi. Fundi hakwenda. Mbao zake walizibeba wengine.

Kitu alichopewa mtani msibani hakirudishwi. Alilipeleka kwenye biashara yake, akawa anakatia miguu ya kuku. Baba akipita kwenda sokoni analiona linapanda na kushuka juu ya gogo, na fundi kule ng'ambo analisikia kutwa. Baada ya muda fundi aliziba mlango wa mbele wa karakana akatoboa wa nyuma. Sikukuu moja ya Idd tulikuta meza mpya imeachwa langoni kwetu, imepigwa msasa vizuri. Baba aliichanja kuni. Hatukuwahi kusikia neno la radhi, na wale wengine waliendelea kutusalimia kila asubuhi kwa heshima zote, nasi tukawa tunaitikia.

Nimekaa na hasira hiyo muda mrefu. Baba alikufa nayo, mama akamfuata. Kuna siku nimemlaani Mtani kimoyomoyo kuliko fundi, kwa sababu alitunyang'anya kitu mbele za watu na badala yake hatukupewa haki, tulipewa hadithi.

Mara ya mwisho nilimuona Mbezi Luis, kwenye stendi ya mabasi ya mikoani. Alikuwa anarudi Tabora moja kwa moja, kifua kinamsumbua, binti yake wa Boko amekwenda kununua maji baada ya kugombana naye kuhusu kiti cha dirishani. Nilimkuta kakaa kwenye mizigo yake.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, mvivu mkubwa. Umekuja kunisindikiza au kuomba nauli?"

Tukacheka. Halafu swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote likatoka lenyewe. Meza yake ilikuwa mkabala na karakana. "Siku ile ya kaka, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimjua?"

"Nilimjua kwa kandambili."

Nikasubiri jogoo. Nikasubiri fisi, bati, chochote. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Ungesema kitu," nikamwambia. "Wewe! Mtaa mzima ulikuwa unanyamaza ukifungua mdomo."

"Niliogopa," akasema. "Mbao ileile ilishanitoa meno. Nilifunika uso na kanga, nikasikiliza mpaka ikaisha. Basi. Hamna hadithi."

Konda alikuwa anaita abiria wa Tabora. Mtani akavuta kiroba kilichokuwa chini ya miguu yake, akafungua kamba, akanionyesha mpini. Mbao ilikuwa imekuwa nyeusi kwa mafuta ya kuku.

"Baba yako hakulidai. Mrithi we. Fundi bado yupo, mzee sasa, wala hakimbii." Hakuwa anatania. "Nimelibeba muda mrefu, mwanangu. Unalitaka?"

Niliushika ule mpini. Sitaki kudanganya hapa, niliushika, na ulinikaa vizuri mkononi. Nilimuona fundi anainama. Nikamuona mama pia, anapangusa doa la rangi ya kucha. Konda akaita tena. Mtani alikuwa ananitazama, mdomo ameufunga, hana cha kunisaidia nacho, na nikajua kwamba safari hii mwenye kusema ni mimi.

"Nyie si wapagazi?" nikamwambia. "Mlibeba tangu bara mpaka pwani, mshindwe hili? Libebe. Kalimie mihogo huko kwenu."

Alicheka kwa kile kinywa chake chenye pengo mpaka akakohoa, mpaka machozi yakamtoka, akanitukana tusi moja zuri la ukoo wangu mzima. Kisha akafunga kiroba kwa mafundo mawili, akajitwisha kichwani, akapanda basi.